Filamu ya Pili Inayozaliwa na Marufuku

Ramadhani moja ya miaka ya 90, mtaani kwetu Tanga, ustadhi wa madrasa aliazima televisheni na deki kwa mfanyabiashara mmoja, akavipanga juu ya meza uani, akatandika mikeka. Baada ya tarawehe tukakaa: wanaume mbele, kina mama nyuma, watoto popote palipobaki nafasi. Mkanda wenyewe ulikuwa umenakiliwa mara nyingi hata rangi zimechuja na sauti inakwaruza. Ilikuwa Ar-Risala, filamu ya Moustapha Akkad kuhusu mwanzo wa Uislamu, ambayo wengine waliijua kwa jina la The Message.

Mzee mmoja jirani yetu hakuingia. Alikaa barazani nje, bakora mapajani. Zamani aliwahi kusikia kwamba Wazungu wametengeneza sinema ya Mtume na kwamba mashekhe wa Misri wameiharamisha. Nilipotoka kwenda kunywa maji mtungini akaniita.

"Mjukuu wangu, wamemuonyesha?"

"Hapana, babu. Haonekani. Tunaona fimbo yake na ngamia wake. Watu wanazungumza naye, lakini yeye hatumuoni wala hatumsikii."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza tena, kama mtu anayetaka uhakika kabla ya kula kiapo: "Hata kivuli?"

"Hata kivuli, babu."

Hakuingia usiku ule. Lakini nimebaki na swali lake miaka yote hii, kwa sababu kila ninaposoma habari za filamu kufungiwa, mahali popote duniani, naona watu wengi wenye vyeo kumzidi ambao hawakuuliza hata hilo.

Ninachoamini ni hiki. Ukiifungia filamu huiondoi. Unaondoa ile iliyopo na kuacha pengo, na pengo hilo hujazwa na filamu ya pili, inayotengenezwa vichwani mwa watu ambao hawajaona chochote. Hii ya pili haina mwongozaji wala mhariri wa kuulizwa, na kila anayeisimulia anaiongezea chumvi. Nimechagua kisa cha Akkad kwa sababu mtu huyu mmoja alifungiwa na wenye dini kwa filamu moja na na serikali kwa nyingine, na katika visa vyote viwili filamu ya pili ilifanya kazi yake.

Wanazuoni tuwatendee haki kwanza. Mwaka 1926 mwigizaji mashuhuri wa Misri, Youssef Wahbi, alikubali kuigiza nafasi ya Mtume Muhammad katika filamu iliyokuwa inapangwa na watu wa nje. Al-Azhar, chuo kikuu cha Kiislamu cha Cairo, ikatoa fatwa ya kukataza, na Mfalme Fuad akamtishia Wahbi kumfukuza nchini na kumvua uraia. Wahbi akajitoa. Hoja ya wanazuoni ilikuwa na uzito, na mimi kama Mwislamu naikubali hadi leo: sura ya mwigizaji hugandamana na aliyeigizwa. Kesho mwigizaji huyohuyo atacheza mlevi au mwizi, na mtoto aliyemwona jana hataweza tena kuzitenganisha sura hizo mbili. Tangu hapo msimamo wa Al-Azhar ukawa wazi, na haukuishia kwa Mtume. Ulifika hadi kwa masahaba wakubwa.

Akkad aliujua msimamo huo. Alizaliwa Aleppo, Syria, mwaka 1930, akaenda Marekani kusomea filamu, na huko akaona dini yake haifahamiki kwa majirani zake. Akaamua kuisimulia. Mswada aliupeleka kwa wanazuoni wa Al-Azhar, na tatizo la sura ya Mtume akalitatua kwa namna ambayo mpaka sasa naiona ni ya adabu kubwa: kamera yenyewe inasimama mahali pa Mtume. Watu wanageuka kuitazama, wanazungumza nayo, wananyamaza kuisikiliza, kisha anayejibu kwa niaba yake ni Hamza, ami yake, au Zaid, au mwingine. Uani kwetu, kila kamera ilipokaa vile, ua mzima uliswalia kwa sauti moja. Hakuna aliyetuambia tufanye hivyo.

Akapiga filamu mbili kwa wakati mmoja, kwenye seti ileile. Tukio likishamalizika kwa Kiingereza, na Anthony Quinn kama Hamza, wanaondoka, wanaingia waigizaji wa Kiarabu, Abdullah Gheith anasimama palepale aliposimama Quinn, na tukio linarudiwa. Makka ilijengwa upya Moroko, na Kaaba yake katikati.

Kisha mambo yakageuka. Al-Azhar ikaondoa ridhaa yake. Rabita ya Makka, jumuiya ya Waislamu wa dunia, ikaipinga kazi hiyo. Baada ya miezi kama sita ya kupiga picha, Mfalme Hassan wa Pili wa Moroko, akibanwa na Saudi Arabia, akawaambia wafungashe. Aliyewapokea ni Muammar Gaddafi, na sehemu iliyobaki ikapigwa Libya. Filamu ilipofika London mwaka 1976, hata jina lilibadilishwa: la kwanza lilikuwa na jina la Mtume ndani yake, na vitisho vikaja kwa sababu ya jina tu. Misri ikaifungia. Lakini maandishi yanayofungua filamu yalibaki, na yapo mpaka leo: yanasema kwamba wanazuoni wa Al-Azhar wameridhia usahihi wa yaliyomo. Kwa miaka mingi, Mmisri aliyetaka kujua mashekhe wake waliona nini mwanzoni na nini kiliwabadilisha hakuwa na pa kusomea.

Hili ndilo linaloniuma katika marufuku za wenye dini. Wana elimu ya kutosha kutoa hoja. Wangeweza kusema hadharani: tukio hili ni sahihi, lile Akkad ameteleza, na hapa tunaona sura ya Hamza haikufaa. Huo ungekuwa ualimu. Badala yake walitoa neno moja, haramu, na neno hilo likasafiri bila maelezo yake. Likafika Tanga barazani kwa mzee yule. Likafika na Washington.

Tarehe 9 Machi 1977 kundi la Waislamu wa Kihanafi wenye bunduki, wakiongozwa na Hamaas Abdul Khaalis, waliteka majengo matatu jijini Washington: makao ya jumuiya ya Wayahudi ya B'nai B'rith, Kituo cha Kiislamu, na jengo la serikali ya jiji. Waliwashika mateka karibu watu 150. Khaalis alikuwa na donda la kweli. Mwaka 1973 watu wa familia yake, wakiwemo watoto wadogo, walikuwa wameuawa nyumbani kwake, na dai lake kubwa lilikuwa kukabidhiwa wauaji. Lakini pamoja na hilo alidai filamu ya Akkad, iliyokuwa inaanza kuonyeshwa Marekani wiki hiyohiyo, iondolewe kwenye majumba ya sinema. Kwake filamu ile ilikuwa tusi kwa Mtume. Kulikuwa na uvumi kwamba Anthony Quinn ndiye anayemuigiza.

Akkad alijitolea kuwaonyesha filamu nzima, na akasema wakiona imemkosea Mtume yuko tayari kuiharibu. Hawakuitazama. Kijana mmoja mwandishi wa redio aliuawa kwa risasi. Utekaji ulimalizika baada ya siku mbili, pale mabalozi wa Misri, Pakistani na Irani walipokwenda kuzungumza na Khaalis na kumsomea aya za Qurani za huruma. Filamu iliondolewa siku zile kwenye sinema za Marekani.

Sisemi kwamba Al-Azhar ndiyo iliyoshika bunduki. Khaalis aliamua mwenyewe na atajibu mwenyewe. Ninachosema ni kwamba kilichomkasirisha hakikuwepo kwenye ukanda wowote wa filamu hapa duniani. Alikuwa anapigana na filamu ya pili. Na hiyo haiwezi kuondolewa kwenye sinema, kwa sababu haijawahi kuwekwa huko.

Nageukia serikali, na hapa sina huruma nyingi.

Mwaka 1981 Akkad alitoa filamu yake kubwa ya pili, Lion of the Desert, kuhusu Omar al-Mukhtar. Mukhtar alikuwa mwalimu wa Qurani aliyeongoza mapambano dhidi ya Waitaliano mashariki mwa Libya kwa takriban miaka 20, akakamatwa, na tarehe 16 Septemba 1931 akanyongwa akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70 mbele ya watu wake waliokuwa wamefungiwa kambini. Kambi hizo hazikutungwa na mwandishi wa mswada. Mwaka 1930 Jenerali Graziani aliwahamisha watu wapatao 100,000 kutoka vijijini na kwenye malisho yao, akawazungushia seng'enge jangwani, na makumi ya maelfu hawakutoka humo hai.

Fedha za filamu zilitoka kwa Gaddafi. Hilo ni kweli, na mtu ana haki ya kuitazama kwa jicho la tahadhari kwa sababu hiyo. Lakini serikali ya Italia haikusema "fedha zake ni chafu". Sababu iliyotolewa mwaka 1982 ilikuwa kwamba filamu inaharibu heshima ya jeshi la Italia. Ikazuiwa. Waitaliano waliitazama rasmi kwenye televisheni Juni 2009, wakati Gaddafi alipotembelea Roma akiwa amebandika kifuani picha ya Mukhtar mwenye pingu. Miaka karibu 28.

Katika miaka hiyo, filamu ya pili ya Waitaliano ilikuwa ipi? Ilikuwa hadithi tamu: kwamba wakoloni wa Kiitaliano hawakuwa kama wengine, walijenga barabara, walikuwa watu wema waliopotea njia na Mussolini. Hadithi hii haikuhitaji sinema, ilisimuliwa mezani. Ilishika hata kwenye ofisi za umma, kwani ni mwaka 1996 tu ndipo Wizara ya Ulinzi ya Italia ilipokiri kwamba jeshi lake lilitumia gesi ya sumu Ethiopia miaka 60 kabla. Wazee wa Ethiopia walikuwa wanalisema hilo muda wote huo, ngozi zao zikiwa ushahidi.

Ukiviweka visa hivi viwili pamoja, unaona kinacholindwa. Mtazamaji anatajwa sana: imani yake, maadili yake, watoto wake. Lakini aliye mezani wakati wa kusaini marufuku ni msimulizi mwenyewe. Kuna taasisi iliyozoea kuwa ndiyo peke yake inayosimulia Makka ya wakati ule, au ushujaa wa jeshi, au maana ya familia, na amekuja mtu na kamera ambaye hakuomba nafasi hiyo kwao.

Kenya ilitupa mfano ulio wazi kuliko yote, kwa sababu bodi yenyewe ilionyesha mkono wake. Aprili 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliifungia Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu Kena na Ziki, mabinti wawili wa mtaa mmoja wa Nairobi wanaopendana huku baba zao wakigombea kiti kimoja cha siasa. Mwezi uliofuata ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes. Bodi ilisema filamu inalenga kuhamasisha usagaji, kinyume cha sheria za nchi. Kahiu kwa upande wake ameeleza mara nyingi kilichozungumzwa: mwisho wa filamu ulikuwa na matumaini kupita kiasi, na alitakiwa aubadilishe ili wasichana waonekane wanajuta.

Mwisho wenyewe ni huu, na nausimulia kwa sababu wengi waliobishana juu yake hawakuuona. Wasichana wamekwisha kupigwa na kundi la watu wa mtaani, wametenganishwa, miaka imepita. Kena anafanya kazi hospitalini. Anasikia Ziki amerudi. Anasimama mahali peke yake, na mkono unawekwa begani pake. Basi. Filamu inakatika hapo.

Mkono begani. Juu ya hilo watu wameapa kwangu kuwa walisikia ni filamu ya uchi. Msomaji anaweza kuwa na msimamo wowote kuhusu mapenzi ya jinsia moja, na najua wasomaji wangu wengi wanafuata dini zinazoyakataza. Lakini bodi ya uainishaji kazi yake ni kusema filamu inamfaa mtu wa umri gani. Inapomwambia mwandishi amalize hadithi namna gani, inakuwa mtunzi mwenza ambaye hakualikwa, na imejionyesha haiogopi tukio lolote la kwenye filamu. Inaogopa hadithi isiyoishia pale inapotaka.

Kahiu alikwenda mahakamani. Sheria iliyotumika kumzuia, ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, ilitungwa mwaka 1962, kabla ya bendera ya Uingereza kushushwa. Katiba ya 2010 kwa upande wake inautaja uhuru wa ubunifu wa kisanii kwa jina, katika ibara ya 33. Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku kwa siku saba, kwa watu wazima waliotaka wenyewe kuitazama, akisema hakushawishika kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi kwamba misingi ya maadili yake itatikiswa kwa kutazama filamu moja. Kuanzia Jumapili tarehe 23, watu walijaa sinema za Nairobi. Siku saba zikapita. Nchi ikaendelea na shughuli zake. Aprili 2020 Mahakama Kuu, chini ya jaji mwingine, iliiacha marufuku isimame.

Zile siku saba kwangu ni jaribio lililofanyika hadharani. Ambaye bado anasema jamii ingeporomoka ana wiki nzima ya kutuonyesha ufa.

Nimeambiwa na rafiki yangu, baba wa watoto wanne, kwamba naandika kana kwamba hakuna filamu mbaya. Zipo. Mwaka 1940 Wajerumani wa Hitler walitengeneza Jud Süß, filamu iliyotungwa makusudi kuwafanya watu wawachukie Wayahudi, na walionyeshwa hata askari waliokuwa wanakwenda kuwakamata. Hakuna filamu ninayoweza kusema inastahili kufungiwa kuliko hiyo. Na nchi iliyoitengeneza inaifanya nini leo? Nakala zake zinashikiliwa na taasisi moja, haziuzwi dukani wala kurushwa hewani kiholela, lakini mtu anaweza kuitazama. Sharti lake ni moja: lazima awepo mjuzi wa kuitambulisha kabla haijaanza na kuongoza mazungumzo ikiisha. Wajerumani wamejifunza kwa gharama kubwa kwamba uongo ukifungiwa sandukuni hunona.

Nikisoma utaratibu huo, ninayemuona ni ustadhi wetu. Alikuwa amesimama kando ya televisheni usiku ule, rimoti mkononi, na kila baada ya muda aliusimamisha mkanda. Bilal alipolazwa mchangani na jiwe likawekwa kifuani pake, akausimamisha, akatueleza Bilal alikuwa nani na kwa nini alikuwa anarudia neno moja tu, "Ahad", yaani Mungu ni Mmoja. Mtu aliyecheza nafasi hiyo, Johnny Sekka, alikuwa mzaliwa wa Dakar, Mwafrika kama sisi, na watoto wa Tanga tulimtazama kwa namna ambayo watoto wa London hawakuweza. Hamza alipouawa, ustadhi alisimamisha tena, akasema wazi: hapa kuna wanazuoni wanaosema haikufaa aonyeshwe, na sababu zao ni hizi. Akazitaja. Kisha akabonyeza, mkanda ukaendelea. Aliweza kutupa filamu na pingamizi lake kwa pamoja, uani, kwa deki la kuazima.

Kwa watoto naunga mkono vizuizi vya umri bila kusita, na naona aibu jinsi vibanda vyetu vya video vinavyoingiza mtoto wa darasa la tatu kwenye muvi za kuchinjana saa nne usiku, mkaguzi hayupo. Huko ndiko kazi iliko, na ni kazi ngumu isiyoingia magazetini. Kufungia filamu moja iliyofika Cannes ni rahisi zaidi: barua moja, na mkutano na waandishi wa habari.

Akkad hakuyaona mengi yaliyofuata. Novemba 2005 alikuwa hotelini Amman na binti yake Rima wakati watu wa al-Qaida walipojilipua. Rima alikufa palepale, baba yake siku mbili baadaye. Juni 2018, Sikukuu ya Idi, miezi michache baada ya Saudi Arabia kufungua tena sinema zake, Ar-Risala ikaanza kuonyeshwa huko kwenye skrini kubwa. Nchi iliyosababisha Makka yake ya Moroko ifungwe ilikuwa sasa inauza tiketi.

Kwa bodi zetu za Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar, na kwa mabaraza ya dini yanayoandikia bodi hizo barua, nina ombi dogo ambalo halihitaji sheria mpya. Kila anayetia saini kufungia filamu aandike kwenye waraka huohuo: aliitazama siku gani, mwanzo hadi mwisho au vipande, ni dakika ya ngapi hadi ya ngapi inayomkwaza, na kwa nini kuipangia umri hakukutosha. Waraka ubandikwe hadharani, na mwenye filamu apewe nakala yake kwa mkono. Mzee wa barazani kwetu alikuwa na mambo mawili tu ya kujaza, na aliyauliza kwa mtoto wa miaka 10 kabla hajasema lolote.